Ualimu wa kujitolea Migori na Homa Bay: Mgeni hufunzwa kabla ya kufunza

WAHENGA walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kijana aliyetoka Marekani, Uingereza au Japani kuja kufundisha Kiingereza kwa kujitolea katika kaunti za Migori na Homa Bay, jembe hilo huwa kipande cha chaki, na mara nyingi hukabidhiwa hata kabla ya siku mbili hizo kwisha.

Asubuhi ya kwanza, mwalimu mkuu humjulisha mgeni kwenye gwaride. Wanafunzi humpigia makofi, na kabla ya mapumziko ya saa nne tayari amesimama mbele ya darasa lenye watoto 50, 60 au zaidi. Hapo ndipo hung'amua kwamba kukizungumza Kiingereza ni jambo moja, na kukifundisha kwa watoto ambao kwao ni lugha ya pili au ya tatu ni jambo jingine kabisa.

Miezi ya kwanza ya mwalimu huyo ina uzito mkubwa. Akitulia na kujifunza, shule hupata msaada wa kweli. Akishindwa, anayepoteza si yeye, kwa kuwa ana tiketi ya kurudi kwao. Hupoteza wanafunzi ambao muhula wao hauwezi kurudishwa.

Kaunti mbili za ziwani

Homa Bay na Migori ziko kusini-magharibi mwa Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi zilikuwa sehemu ya wilaya moja ya South Nyanza, hadi ilipogawanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka wa 2013, kufuatia katiba ya 2010.

Homa Bay ina miji ya Homa Bay, Oyugis, Kendu Bay, Mbita na Ndhiwa, pamoja na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Uvuvi ndio uti wa mgongo wa wakazi wengi wa ufuoni, ilhali walio mbali na ziwa hutegemea kilimo na mifugo.

Migori, kwa upande wake, imepasuliwa na barabara kuu itokayo Kisii kupitia Rongo, Awendo na mji wa Migori hadi Isebania, mpakani mwa Tanzania. Awendo ni eneo la miwa, Macalder ni la machimbo ya dhahabu, Muhuru Bay na Karungu ni la wavuvi, na Wakuria walio mashariki ya kaunti hulima mahindi na tumbaku.

Tofauti hizi zinamhusu mwalimu moja kwa moja. Mtoto wa Macalder anaweza kukosa shule kwa sababu ya machimbo, wa Mbita kwa sababu ya biashara ya omena, na wa Awendo kwa sababu ya kazi ya mashamba ya miwa. Mgeni asiyejua uchumi wa mahali alipo huishia kuuita uvivu kile ambacho kwa hakika ni kutafuta riziki.

Walimu wa kigeni walianza lini?

Ujio wa walimu wa kigeni katika eneo hili una historia ya zaidi ya karne moja. Mnamo 1906, wamishonari wa Kanisa la Waadventista Wasabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, wakiongozwa na Arthur Carscallen, raia wa Kanada. Pamoja naye alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Carscallen hakuanza kwa kuwalazimisha wenyeji wajue Kiingereza. Alijifunza Dholuo kwanza, kisha akaandika kitabu cha sarufi ya lugha hiyo. Gendia ikawa kituo cha elimu, tiba na uchapishaji, na hadi leo jina lake linatajwa kila historia ya shule katika eneo hilo inapozungumzwa.

Mfano wa pili unatoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya watu wazima, aliendesha mpango wa kufuta ujinga wa kusoma nchini Kenya. Miongoni mwa waliofanya kazi naye ni Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa Kanyadhiang' karibu na Kendu Bay, ambaye aliandika vitabu vya kusomea kwa Dholuo, kikiwemo kile cha Otieno Jarieko. Hapa pia, mgeni aliyefanikiwa alikuwa yule aliyemtegemea mwenyeji na lugha yake.

Ikumbukwe kwamba safari hizo zilikuwa za pande mbili. Mwaka wa 1959, Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, aliwezesha ndege ya kwanza iliyowabeba wanafunzi 81 kwenda kusoma Marekani. Vijana hao nao walilazimika kuzoea baridi, chakula na desturi za ugenini, sawa na wanavyofanya Wamarekani wanaoteremka Mbita au Rongo.

Uhuru na uhaba wa walimu

Kenya ilipokaribia uhuru, shule za upili zilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu wenye shahada. Mpango ulioitwa Teachers for East Africa, ulioanza mwaka wa 1961 chini ya Chuo cha Ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, uliwaleta mamia ya walimu katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Wengi wao walipitia Makerere kwa mafunzo kabla ya kutumwa shuleni.

Shirika la Uingereza la VSO lilianzishwa mwaka wa 1958. Wajitoleaji wake wa mwanzo walikuwa vijana waliotoka tu kumaliza shule ya upili. Tangu mwaka wa 1962 lilianza kuwatuma wenye shahada, na hatimaye likawataka watu wenye taaluma na uzoefu. Mabadiliko hayo yenyewe ni ushahidi kwamba nia njema haitoshi.

Rais John F. Kennedy aliunda Peace Corps mwaka wa 1961, na shirika hilo likaanza kazi Kenya mwaka wa 1964. Wengi wa wajitoleaji wake walifundisha katika shule za harambee, zile zilizojengwa kwa michango ya wanakijiji wakati serikali haikuwa na uwezo wa kujenga shule za kutosha. Japani nayo ilianzisha mpango wake wa vijana wa kujitolea mwaka wa 1965.

Hata hivyo, historia hiyo ina upande mwingine. Peace Corps ilisimamisha shughuli zake Kenya mapema mwaka wa 2008 kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi, na tena mwaka wa 2014 kwa sababu za usalama. Machi 2020, janga la korona lilipozuka, iliwaondoa wajitoleaji wake kote duniani. Kila mara mgeni alipoondoka, aliyebaki na darasa ni mwalimu mwenyeji.

Stakabadhi na sheria

Wageni wengi hudhani kwamba kazi isiyo na mshahara haihitaji kibali. Hilo ni kosa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mgeni awe na kibali kwa kazi yoyote, iwe ya malipo au isiyo ya malipo. Idhini ya kielektroniki ya kusafiri, ambayo ilichukua nafasi ya viza Januari 2024, ni ya kumwingiza mgeni nchini, wala si ruhusa ya kufundisha.

Wanaofanya kazi chini ya makanisa na mashirika ya hisani yaliyoidhinishwa huombewa kibali cha kundi la herufi I. Wa muda mfupi hutumia pasi maalumu. Anayekaa zaidi ya siku 90 hutakiwa pia kujiandikisha na kupata kitambulisho cha mgeni.

Kadhalika, Sheria ya Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ya mwaka 2012 inakataza mtu yeyote kufanya kazi ya ualimu bila kusajiliwa. Kwa hivyo, anayekuja bila cheti cha ualimu anafaa kuwa msaidizi: kuongoza klabu ya uandishi au mijadala, kuwasikiliza wanafunzi wakisoma, au kuisaidia maktaba, chini ya mwalimu aliyesajiliwa.

Shule nayo ina wajibu. Mwalimu mkuu anapaswa kudai hati ya polisi ya nchi anakotoka mgeni inayothibitisha kwamba hana rekodi ya uhalifu, vyeti vya masomo na barua za watu wanaomfahamu. Waraka wa TSC nambari 3 wa mwaka 2010 unawalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi, na ulinzi huo haupaswi kulegezwa kwa sababu tu aliyebisha hodi anatoka ng'ambo.

Lugha gani ya kujifunza?

Swali la kwanza la mgeni huwa kama ajifunze Kiswahili au lugha ya wenyeji. Jibu linategemea mahali alipo.

Katika mji wa Migori na Isebania wanaishi Waluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali na wengineo. Sokoni na katika kituo cha matatu, Kiswahili ndicho huwaunganisha, na mpakani husikika ladha ya Kiswahili cha Tanzania. Katika vijiji vya Ndhiwa, Karachuonyo au Nyatike, Dholuo ndiyo itakayomfungulia mgeni milango. Kehancha ni Kikuria. Mfangano na Rusinga zina Kisuba, lugha ya Kibantu ambayo imo hatarini kutoweka kwa sababu wengi wa Wasuba sasa huzungumza Dholuo.

Maneno machache hufanya kazi kubwa. Oyawore ni salamu ya asubuhi, na erokamano ni asante. Mwalimu huitwa japuonj, naye Mzungu huitwa odiero. Mgeni akisikia watoto wakimwita odiero njiani asikasirike, bali ajitahidi kazi yake iwafanye wamwite japuonj.

Wengi hupewa jina la Kiluo. Majina hayo aghalabu hufuata wakati wa kuzaliwa: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' ni wa jua la mchana, Adhiambo ni wa jioni na Atieno ni wa usiku. Kwa wanaume husemwa Okinyi, Ochieng', Odhiambo na Otieno. Mgeni hana budi kulipokea jina hilo kwa heshima, kwani aliyepewa jina ametambuliwa kuwa ana mahali pake katika boma.

Jambo jingine ni saa. Mwalimu akiambiwa kikao ni saa nane, maana yake ni saa mbili kwa hesabu ya Kizungu, alasiri. Si wachache waliokosa mkutano wao wa kwanza kwa sababu hiyo.

Makao, chakula na afya

Peace Corps imekuwa na utaratibu wa kumweka mjitoleaji katika familia ya wenyeji wakati wa mafunzo ya karibu miezi mitatu, ndipo aanze miaka miwili ya kazi. Hata anayekuja na shirika dogo anafaa kuuiga mpango huo. Wiki chache jikoni mwa mama mwenye nyumba hufunza mengi kuliko kijitabu chochote cha maelekezo.

Mezani atakuta ugali, unaoitwa kuon, pamoja na samaki, omena, sukuma wiki au mboga za kienyeji. Huliwa kwa mkono wa kulia, baada ya kunawa. Kukataa chakula cha mwenyeji bila sababu ni kumvunjia heshima. Mwenye mzio au asiyekula nyama ni vyema aseme mapema na kwa upole, badala ya kusukuma sahani kando.

Kuhusu afya, malaria imeenea sana ukanda wa ziwa. Ni Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, ambako Kenya ilizindua chanjo ya malaria kwa watoto mnamo Septemba 13, 2019. Mgeni mtu mzima hana kinga waliyoijenga wenyeji, hivyo hutakiwa kumeza dawa za kuzuia ugonjwa huo kwa ushauri wa daktari, kulala ndani ya chandarua na kupimwa mara tu anapopata homa.

Maji ya kunywa yachemshwe au kutiwa dawa. Kuogelea ziwani kunavutia, hasa wakati wa joto la Homa Bay, lakini konokono wa majini hubeba vimelea vya kichocho. Chanjo ya homa ya manjano nayo hushughulikiwa kabla ya safari.

Usafiri ni wa matatu na bodaboda, na pesa nyingi hupitia M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka wa 2007. Mgeni na ajizoeze kuvaa kofia ya chuma anapopanda pikipiki, hata kama mhudumu atamcheka.

Darasani

Sera ya lugha inayofuatwa tangu ripoti ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 inataka watoto wa madarasa matatu ya kwanza wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, huku Kiingereza kikiwa somo. Kuanzia darasa la nne, Kiingereza huwa lugha ya kufundishia masomo mengine. Hapo ndipo wengi hukwama. Mtoto asiyeelewa Kiingereza cha darasa la nne hafeli Kiingereza peke yake. Hufeli sayansi na hesabu pia.

Kwa sababu hiyo, mwalimu wa kujitolea anayewasaidia watoto wa darasa la tatu na la nne kusoma kwa ufasaha anaweza kuwa na manufaa zaidi kuliko yule anayeng'ang'ania kidato cha nne.

Mtaala nao umebadilika. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, umekuwa ukiondolewa hatua kwa hatua tangu Mtaala wa Umilisi (CBC) ulipoanza kote nchini Januari 2019. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023, mwaka uleule ambao gredi ya saba ilianza sekondari ya msingi. Wanafunzi wa kwanza wa gredi ya 10 waliingia shule za upili Januari 2026, na watahiniwa wa mwisho wa KCSE ya mfumo wa zamani ni wa mwaka wa 2027.

Mgeni anayefika na masomo aliyoyabuni mwenyewe, bila kuusoma mtaala huo, huwapotezea wanafunzi wakati. Katika KCSE, kwa mfano, Kiingereza kina karatasi tatu, na ya tatu inahusu insha pamoja na vitabu teule vya fasihi. Anayefundisha kidato cha tatu au cha nne lazima awe amevisoma vitabu hivyo.

Pia, Kenya hufuata tahajia ya Kiingereza cha Uingereza. Mmarekani anayeyaandika maneno kwa desturi ya kwao huwaacha watahiniwa katika njia panda. Watoto nao huhitaji siku kadhaa kuizoea lafudhi yake. Aseme polepole, aandike ubaoni, na asidhani kwamba kimya cha darasa ni dalili ya kuelewa.

Lafudhi ya watoto ina sababu zake. Dholuo haina sauti ya sh wala z, ndiyo maana msemaji wake anaweza kutamka s mahali pa sauti hizo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili vilevile. Mwalimu anayelifahamu hilo hutayarisha mazoezi ya matamshi. Asiyelifahamu hucheka, na mtoto aliyechekwa mara moja huweza kunyamaza muhula mzima.

Majilisi ya walimu

Uhusiano na walimu wenzake ndio utakaoamua hatima ya mgeni. Katika majilisi atawakuta walimu walioajiriwa na TSC, wengine wanaolipwa kidogo na bodi ya usimamizi wa shule, na pengine walimu walio katika mafunzo ya kazi wakingoja ajira ya kudumu. Wapo waliohitimu ualimu miaka mingi iliyopita na bado hawajaajiriwa.

Mbele ya watu hao, kijana asiye na cheti anayetangazwa kuwa mtaalamu kwa sababu tu Kiingereza ndicho lugha ya mama yake ni tusi lisilotamkwa. Aidha, bodi isiyo na fedha inaweza kushawishika kumwachisha kazi mwalimu wa kijiji kwa kuwa mgeni hadai mshahara. Shirika linalomleta mjitoleaji linapaswa kuhakikisha kwamba hachukui nafasi ya mtu.

Njia bora ni mgeni kufundisha sako kwa bako na mwenyeji. Mmoja anaifahamu lugha, mwingine anawafahamu watoto. Mbinu inayozaliwa hapo hubaki shuleni hata mmoja wao akiondoka.

Mgeni atarajie pia kuhudhuria matanga. Kwa Waluo, mazishi ni jambo la jamii nzima, na mara nyingi hufanywa mwishoni mwa wiki. Walimu huchanga pesa na kuandamana kwenda kumfariji mwenzao. Anayebaki nyumbani akisoma kitabu Jumamosi hiyo ataeleweka vibaya, hata kama hakuna atakayemwambia.

Kiboko, karo na maombi

Kuna mambo matatu yanayomtia mgeni majaribuni.

La kwanza ni kiboko. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikasisitiza katazo hilo. Hata hivyo, bado hutumika katika baadhi ya shule. Mjitoleaji asishiriki kamwe. Akiona mtoto anaumizwa, azungumze faraghani na mwalimu mkuu kwanza, na jambo likizidi alifikishe kwa ofisi za elimu au za watoto. Kumkemea mwalimu mbele ya wanafunzi huharibu zaidi ya kutengeneza.

La pili ni karo. Elimu ya msingi bila malipo ilirejeshwa mwaka wa 2003, lakini sare, chakula, mitihani na shule za upili bado zina gharama. Mgeni ataona watoto wakirudishwa nyumbani na atataka kuwalipia. Akimlipia mmoja kwa siri, kesho atakuta kumi mlangoni. Ni heri mchango upitie hazina ya basari inayosimamiwa na shule na wazazi, ambako anayehitaji zaidi hujulikana.

La tatu ni mayatima. Ukimwi uliliathiri vibaya eneo hili, hasa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, na nyanya wengi waliachiwa wajukuu. Wageni walivutiwa kujitolea katika makao ya watoto. Novemba 2017, serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa kitaifa wa mwaka 2022 unalenga kuwarejesha watoto katika familia. Anayetaka kuwasaidia mayatima basi awafundishe katika shule za kawaida wanakosoma na wenzao. Picha zao zisisambazwe mitandaoni bila idhini ya wazazi au walezi.

Kutamauka na kupona

Wataalamu wamelichunguza suala la kuzoea ugeni kwa muda mrefu. Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia wa Kanada, alieleza katika miaka ya 1950 kwamba mtu aliye ugenini hupitia hatua nne: furaha ya mwanzo, kutamauka, kuanza kupona, na hatimaye kuzoea. Mwaka wa 1955, Sverre Lysgaard wa Norway alionyesha mwendo unaofanana na huo kwa kuwachunguza Wanorway waliokuwa Marekani kwa masomo.

Katika hatua ya kwanza, ziwa ni zuri, watoto ni wachangamfu, na kila jambo ni la kupigwa picha. Katika ya pili, mvua huikata barabara, umeme hupotea, darasa halisongi mbele, na mgeni huanza kusema "hawa watu". Kauli hiyo ndiyo dalili ya hatari.

Dawa yake si kujifungia ndani na simu. Awe na rafiki mmoja mwenyeji anayeweza kumuuliza maswali bila haya, ratiba ya kujifunza lugha, na kazi ndogo anayoweza kuikamilisha. Ajue pia kwamba hali hiyo hupita.

Hapa ndipo muda unapokuwa na maana. Anayekuja kwa wiki nne au sita huondoka akiwa bado katika furaha, au akiwa ndiyo kwanza anatamauka. Hajafika hatua ya kuwafaa wanafunzi. Shule imemtafutia makao, imempangia ratiba, imempa mwalimu wa kumwongoza, kisha ameondoka kabla jembe halijashika udongo.

Kuondoka

Mjitoleaji mwema hupanga kuondoka tangu siku anapofika. Huondoka mwishoni mwa muhula, si katikati. Huandika alikofika katika silabasi, huacha alama za wanafunzi na zana alizotengeneza, na humkabidhi mwalimu mwenzake klabu aliyoianzisha. Haahidi kurejea kama hana uhakika, kwa sababu watoto hukumbuka ahadi kuliko sarufi.

Shule nayo inapaswa kujiuliza maswali machache kabla ya kumpokea mwingine. Je, ana ujuzi gani? Atakaa muda gani? Anachukua nafasi ya nani? Ni nini kitakachobaki akienda? Mwalimu mkuu asiyeuliza hayo kwa kuhofia kuwaudhi wafadhili anawauza wanafunzi wake kwa bei ya picha.

Wahenga hao hao walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Uponyaji huo hauletwi na ngozi wala pasipoti ya mgeni. Huja pale anapokubali kuketi, kula, kusikiliza na kukosolewa, kisha akaingia darasani akijua jina la kila mtoto anayemtazama. Carscallen alilijua hilo pale Gendia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, alipoanza kwa kuisoma lugha ya wale aliokuja kuwafunza.